Ukiona Kamera, Simama

Watu huniambia mimi nina bahati, nakaa mbele kabisa uwanjani, naona kila kitu. Nikiwajibu kwamba sioni chochote wanadhani najivuna. Lakini ndiyo kweli yenyewe. Kamera yangu ni ya zamani, ile yenye kioo kidogo ndani. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu ili mwanga upite, na kwa kitambo hicho kidogo jicho lako linabaki gizani. Mpira ukigusa wavu, mimi niko gizani. Mkimbiaji akikata utepe, mimi niko gizani. Ukiona umeliona tukio kwenye kamera, ujue umelikosa, umechelewa. Nimepiga picha za michezo miaka kadhaa sasa, na yote niliyoyapata sikuyaona yakitokea. Niliyakuta baadaye kwenye skrini, kama mtu anayesimuliwa habari za nyumbani kwake.

Sikuanzia kwenye michezo. Hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi magharibi mwa Uganda, nilianza na picha za watu waliotulia. Nina chumba kidogo pale senta, kwenye maduka, pazia la buluu ukutani, stuli moja, na taa mbili zinazotegemea huruma ya umeme wa jua. Wateja wangu ni maharusi, kwaya za kanisa, watoto waliobatizwa, na wale wa picha ndogo za kubandika kwenye fomu. Wengi wetu tumetoka Kongo, Kivu ya Kusini, na sisi kwenye picha hatuna mchezo. Mtu akiona kamera anafunga mdomo, ananyoosha shingo, mikono anaishusha ubavuni, na kupumua anaacha. Kucheka kwenye picha ni kujidharau. Tena kila mmoja wetu picha yake ya kwanza katika nchi hii ilipigwa Kabazana, kwenye kituo cha kupokea wakimbizi, siku ya kuandikishwa, vumbi la safari likiwa bado kwenye kope. Kaa, tazama hapa, tulia. Picha ile ndiyo iliyotuzalia karatasi, na karatasi ndiyo iliyotupa kiwanja cha kulima. Ukishapita hapo, mwili wenyewe unajua kwamba kamera ikiinuliwa, unasimama.

Na mimi katika jambo hilo nilikuwa mkali kuliko karani yeyote. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mimi nachemka kabla sufuria haijawekwa motoni. Mtoto akigeuza kichwa namfokea. Mzee akipepesa macho namfokea vilevile, ila kwa heshima. Kazi yangu ilisifiwa kwa hilo: ukienda kwa Mama Foto, hutoki na picha iliyotikisika.

Kisha timu ya mpira ya mtaa wetu ikapata jezi mpya na kuniita nipige picha za mechi. Nilikwenda kwa kujiamini kweli. Dakika ya kumi, beki wetu wa kulia, baba mzima mwenye watoto wanne, akaniona nimeinua kamera kumwelekea. Akasimama. Akashusha mikono, akafunga mdomo, akanyoosha shingo. Mpira ukampita pembeni ya mguu, mshambuliaji wa timu ya Warundi akaufuata, na ikawa goli. Kipa wetu akamuuliza amekuja kucheza au amekuja kuoa. Uwanja mzima ulilia kwa kicheko, na mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Picha ile ninayo mpaka leo na haina kasoro. Siku ile nilipaswa kufikiri, badala yake nilicheka.

Nilijifunza kupiga vitu vinavyokimbia kwa kukaa kando ya barabara ya vumbi iendayo ziwani. Pana shimo pale ambalo kila bodaboda lazima iliruke. Mwanzoni nilikuwa nazifukuza kwa lenzi, nikapata mkia tu na moshi. Mpaka nikaelewa kwamba kitu chenye mbio hakifukuzwi. Unachagua mahali kitakapopita, unalenga pale pakiwa patupu, unakisubiri. Nililenga shimo. Bodaboda ikikaribia nabonyeza kabla haijafika, na hapo ndipo nilipoanza kuwapata: matairi mawili hewani, mama wa nyuma kashika mtungi wa mafuta na kiatu kimoja kimemtoka. Waendesha boda walinizoea. Wengine walijaribu kusimama wapigwe vizuri, nikawafukuza kwa matusi madogo madogo.

Sasa kuhusu binti.

Alikuwa mtoto wa jirani yangu, mama mmoja wa Fizi, kwetu kulekule Kivu, anayelima mahindi na maharage na kuuza ndagala, wale samaki wadogo, siku za soko. Wamefika wawili tu, mama na mtoto. Wengine waliokuwa nao, mama huyo hawataji na mimi simuulizi. Binti alikuwa na miaka kumi na mitatu na hakujua kutembea. Akitumwa chumvi, anakimbia. Akitumwa maji, anakimbia na dumu tupu, na kurudi anajaribu kukimbia nalo limejaa, mama yake anapiga kelele kutoka mlangoni. Miguu mirefu, magoti yote makovu. Shule ya msingi alikuwa anaimaliza, na baada ya hapo kwao hapakuwa na njia nyingine ila jembe.

Ndipo ikaja habari kwamba shule moja ya sekondari huko Mbarara, juu ya kilima cha Kamukuzi, itatoa nafasi moja ya bure, bweni na yote, kwa msichana atakayeshinda mita mia nane katika mashindano ya watoto. Yangefanyika kwenye uwanja wa kambi ya jeshi, kwa watoto wa wanajeshi, wa mjini na wa kwetu. Nafasi moja tu. Mwalimu alimwandikisha binti siku hiyohiyo, na fomu ikataka picha ndogo.

Akaletwa kwangu. Ee Mungu wangu, mtoto yule hakukalishika. Nikisema tazama hapa, anatazama panya. Nikisema tulia, goti linacheza na stuli inalia. Picha ya kwanza imetikisika, ya pili hana jicho, ya tatu ni sikio. Nilikuwa na kwaya nzima nje inangoja, jua linazama. Nikamshika mabega yote mawili.

"Sikia," nikamwambia. "Ukiona kamera, unasimama. Hata nyumba inawaka, unasimama kwanza."

Akasimama. Macho makubwa, mdomo umefungwa, shingo imenyooka. Nikapiga mara moja tu na ikawa picha nzuri. Nikampa pipi, nikaita kwaya. Ulimi hauna mfupa, na wangu mie hauna hata gegedu.

Siku ya mashindano waandaaji walinichukua kama mpiga picha wao. Kambi ile ya Mbarara ina uwanja mzuri, majani mafupi, mistari ya chokaa iliyonyooka kweli kama kazi ya askari ilivyo. Wake wa wanajeshi walikaa upande wa kivuli na miavuli na watoto wachanga, wakisengenyana Kinyankore na Kiganda. Sisi tulikaa upande wa jua tukiimba nyimbo za kanisani, maana nyimbo za mpira wasichana wetu hawazijui. Afande mmoja mwenye kipenga na tumbo la heshima ndiye alikuwa mwamuzi wa mwisho wa mbio. Binti yake mwenyewe hakuwemo, hilo nililiuliza mapema, mimi si mtu wa kuamini hovyo. Aliyekuwemo ni binti wa sajenti mmoja, mwembamba, mwenye raba nyeupe, ambaye watu wote wa upande wa kivuli walikuwa wakimtaja.

Wetu alikimbia pekupeku. Raba alipewa, akazivua.

Nilisimama hatua tano nyuma ya utepe, katikati kabisa, nikapiga goti. Nikalenga chokaa ya mwisho pakiwa patupu, nikaliacha jicho hapo. Nilijua kazi yangu. Raundi ya kwanza nilisikia tu vishindo. Raundi ya pili upande wa jua uliacha kuimba ukaanza kupiga yowe, nikajua wetu yuko mbele. Wakaingia kwenye lenzi wawili tu, yeye na yule wa raba nyeupe, wetu ametangulia hatua nzima. Moyo ulinienda mbio kuliko wao. Nikabonyeza, nikashikilia, kioo kikaruka, giza, mwanga, giza, mwanga, giza. Nilipoinua uso wasichana wote wawili walikuwa wamelala kwenye majani, utepe umewazunguka wote wawili, na watu wanagombana.

Walioshika utepe, mmoja alisema wetu, mwingine alisema wa kambi. Mwalimu wetu alikuwa anaapa kwa jina la mama yake. Afande alipuliza kipenga mpaka wote wakakaa kimya, kisha akanigeukia.

"Mama wa picha, kuja hapa," akasema. "Onyesha mimi. Mutoto gani alifika kwanza?"

Nikamwambia aningoje nizitafute. Kamera yangu hupiga tatu kwa sekunde, basi zilikuwa tatu. Ya kwanza: binti wetu yuko mbele wazi, mdomo umepasuka, meno yote nje, mikono inakata hewa. Ya tatu: wote wameshapita, utepe umewavuruga, hujui nani. Ya pili nilipoifungua, niliisogeza karibu na jicho.

Binti wetu amesimama. Bado yuko kwenye mbio, mguu mmoja uko hewani, lakini amesimama. Mikono ameishusha ubavuni. Mdomo ameufunga. Shingo imenyooka, na macho yake makubwa yananitazama mimi. Kati ya kifua chake na utepe bado pana upana wa kiganja. Pembeni yake yule wa raba nyeupe ameinama mbele, uso hauonekani, ametikisika kama moshi, na utepe umeshazama kifuani mwake. Katika picha ile aliyeshindwa ndiye aliyetoka vizuri.

Kwenye kamera yangu kitufe cha kufuta kiko chini ya kidole gumba cha kushoto. Nakiri, kidole kilikuwa hapo. Ningefuta ya pili nikaonyesha ya kwanza, na hakuna mtu duniani angejua. Mimi peke yangu, na mimi nilikuwa tayari kuubeba huo mzigo. Niliwaza mahindi. Nilimwona binti na jembe, mwaka huu na mwaka ujao, na mwanamume wa kumposa wa mwaka unaofuata. Kisha nikamtazama yule wa raba nyeupe, ameketi kwenye majani anatapika, na mama yake amepiga magoti mbele yake anampangusa kwa kanga. Naye alikimbia. Naye hakuiba.

Nikampa afande kamera, picha ya pili ikiwa wazi. "Ni wa kwenu," nikasema.

Aliikinga jua kwa mkono, akainama juu yake. Akaniuliza kwa nini huyu wetu alisimama, alikuwa amechoka? Nikamjibu hapana.

"Ni juu yangu," nikasema. "Aliona kamera."

Afande alianza kucheka, kisha akanitazama usoni, akaacha. Uamuzi ulikuwa uamuzi. Nafasi ilikwenda kwa binti wa sajenti, na mwalimu wetu alikaa mbali nami njia yote ya kurudi. Binti alikaa karibu nami. Nilingoja alie. Hakulia. Tulipokaribia kufika aliniambia polepole, bila lawama, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba kazi aliifanya sawa: "Ulisemaka nisimame, Mama Foto."

Sikulala vizuri wiki ile. Nilikwenda kwa mama yake nikamweleza yote, la pazia la buluu, la nyumba inayowaka, la kidole na kitufe. Nilitaka anitukane. Ningepumzika. Badala yake aliomba kuiona picha. Nilimchapia kubwa, akaishika kwa ncha za vidole asiichafue na samaki, akaisogeza kwenye mwanga.

"Foto ni muzuri," akasema. "Ona, hakutingishika hata kidogo."

Akaitundika ukutani, juu ya meza. Kila nikienda pale nakaa nikiwa nimeipa mgongo.

Kwetu mtu mzima haombi mtoto msamaha kwa mdomo. Anampikia. Nilimpikia binti bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, Jumamosi moja, na alipomaliza nikamwambia shule ile itatoa nafasi nyingine mwaka unaofuata, mbio zilezile, na kwamba kuanzia leo tutafanya kazi. Alidhani namtania.

Nilianza kwa kusimama mwisho wa barabara ya ziwani na kamera isiyo na betri, yeye anakuja mbio. Haikusaidia kitu. Hatua tatu kabla ya kunifikia mabega yanapanda, mikono inashuka, mdomo unafungwa. Hakutaka, lakini mwili ulifanya wenyewe. Nikamwambia afumbe macho, akaanguka, kovu jingine kwenye goti. Nikafoka. Nikifoka ndipo anazidi kusimama wima. Nilirudi nyumbani siku hiyo nimejichukia, nikaketi kwenye stuli yangu mwenyewe, na hapo ndipo nilipojua kwamba barabara haikuwa na kosa. Kosa lilianzia kwenye stuli ile.

Basi nikamrudisha chumbani, mbele ya pazia la buluu, nikamwambia leo nataka picha mbovu. Geuza kichwa. Jikune. Piga chafya. Akasimama kwanza, mkakamavu, nami nikamwambia hii nzuri, siitaki, nimeifuta. Akatikisa kidole kimoja. Nikaipiga, nikamwonyesha, nikamsifu. Akatikisa bega. Tuliendelea hivyo wiki nyingi, kila Jumamosi, mpaka akaweza kucheka mbele ya kamera akaonyesha na ulimi. Wateja walichungulia mlangoni wakaniona nampigia makofi mtoto aliyetoka sikio tupu. Ilienea habari kwamba Mama Foto kichwa kimehama. Wacha kihame.

Mwaka ule alilima. Simulizi hii isimfanye mtu adhani ulikuwa mwaka wa mchezo. Alipalilia, alivuna, alibeba, wenzake walikwenda shule, na jioni alikimbia kunielekea mimi kwenye barabara ya vumbi. Kuna siku alinipita. Kuna siku alisimama tena, tukarudi nyumbani kila mmoja upande wake wa barabara.

Mashindano yalipokaribia niliwaambia waandaaji watafute mpiga picha mwingine. Binti alisikia, akaja chumbani kwangu na jembe begani, hata hakuliweka chini.

"Kuya na kamera yako," akasema. "Usimame fasi ile ile."

Nilimwambia ni hatari, kwa nini tujaribu Mungu. Akasema nisipokuwepo atakuwa ananitafuta, kule mwisho, kwa macho. Nikaenda kuwaambia waandaaji nimebadili nia.

Basi nilisimama palepale, hatua tano nyuma ya utepe. Afande alikuwa ameongezeka tumbo kidogo. Alinisalimu na kutazama kamera yangu kwa namna fulani. Ncha moja ya utepe aliishika yule binti wa sajenti, sasa amevaa sketi ya shule ya Kamukuzi. Nilipiga goti, nikalenga chokaa, nikasema sala fupi ambayo siwezi kuiandika kwa sababu ilikuwa na matusi ndani yake.

Hakutangulia safari hii. Waliingia kwenye lenzi watatu sambamba, mtoto wa mjini, mmoja wa kambi, na wetu katikati, pekupeku. Nikabonyeza. Giza, mwanga, giza. Kisha kitu kilinipiga kifuani kama gunia la mahindi lililorushwa kutoka juu ya lori, na nikaenda chini, kichwa, mgongo, kamera, vyote.

Picha zenyewe ni tatu. Ya kwanza ni utosi na mabega mawili yaliyoinama. Ya pili ni kitambaa cha jezi, kimejaa fremu yote, na uzi wa utepe. Ya tatu ni mbingu na kiatu changu. Baadaye nilimpelekea mama yake ile ya pili, akaigeuza juu chini, akaniambia hii ni nguo tu, mutoto iko wapi? Nikamwambia amepita. Hakuitundika, nami sikumlaumu, ninayo mwenyewe juu ya mlango wangu na wateja wanaicheka.

Lakini pale uwanjani sikuwa nimeona picha yoyote bado. Nilikuwa nimelala chali, pumzi imekata, na juu yangu kuna mtoto mwenye jasho, mzito, anahema kama punda, utepe umemkaa shingoni yeye peke yake. Upande wa jua walikuwa wanaimba na kulia kwa pamoja. Aliinua kichwa, akanitazama kwa karibu, akashtuka kweli kweli, kana kwamba hakutegemea kukuta mtu mahali pale.

"Ni wewe?" akasema. "Mama Foto, sikukuona."